Kiti cha Pweza Kilichofungwa Uzi

Majina yote ninayo kichwani. Ya watu wa nyumba ile, ya majirani zao, ya ndugu zao waliokufa kabla sijafika, hata ya wadudu waliokaa ndani ya kioo. Shule sikwenda sana, niliishia darasa la nne, kwa hiyo kitu ninachotaka kisinipotee nakishika kwa jina. Lakini hapa sitaandika jina la mtu hata mmoja. Jina ndilo lililonitia hofu, na hofu ile mpaka leo haijanitoka yote.

Nilifika Doha miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mtu mzima tayari, bibi wa wajukuu. Wangu nilikwisha kuwalea Pemba, nikaja kumlea mama wa watu. Nyumba ilikuwa Umm Salal, ukuta mrefu, mitende uani, na chumba cha mzee kiko chini, karibu na mlango wa jikoni. Yule mzee kila mtu alimwita Yumma, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Mwanawe mwenye nyumba nilimwita Baba, ingawa ningeweza kumzaa. Ndiyo desturi ya kazi za ndani kule: anayekuajiri ni Baba hata kama ndevu zimeota jana. Mke wa Baba na watoto walikuwa watu wa safari, leo wapo kesho hawapo. Aliyekuwapo siku zote ni dereva, Mkenya wa bara, mtu wa makamo, Mkristo, mdomo haumpumziki, mimi akiniita Mathe, yaani mama.

Yumma alizaliwa mji wa pwani huko kaskazini, kabla nyumba za mawe hazijawa za saruji. Usichana wake ulikuwa wa kufuata maji yakikupwa, kuokota kome na kaa miambani wakati wa baridi. Sasa miguu imekufa, na akili inakuja na kuondoka kama umeme wa kwetu. Ikija, alikuwa na neno moja tu: "Nipelekeni pwani." Baba akampeleka mara moja. Kiti cha magurudumu kikazama mchangani hata hakijafika nusu ya njia, Yumma akaketi pale akiyatazama maji kwa mbali, akalia kilio cha mtoto aliyenyimwa ziwa. Baba hakuvumilia. Akasema atamletea vidimbwi vya miambani ndani ya chumba.

Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye huzuni. Juma lililofuata wakaja watu na sanduku la kioo refu kama jeneza. Ndivyo nilivyoliona, nikatema mate upande, nikaomba Mungu anisamehe kwa kuwaza hivyo mbele ya mgonjwa.

Mwenye duka la samaki sokoni alimshauri Baba achukue samaki wa rangi rangi wanaotoka nchi nyingine, maana hao maji ya vuguvugu yanawatosha. Baba akakataa. Alitaka viumbe vya hapa hapa, na maji baridi kama ya Januari, kama yale aliyokuwa akiingiza mikono mama yake. Basi ikanunuliwa pia mashine ya kupozea maji, sanduku jeusi lenye feni, likinguruma mchana kutwa chini ya meza. Maji, kioo na umeme, chumba kimoja na mzee asiyeweza kukimbia. Mimi kila nikiingia nilisoma dua yangu kimoyomoyo.

Kwanza tulileta mawe, mchanga na maji ya bahari kwenye magaloni. Viumbe bado. Mwenye duka alisema maji lazima yakae, yaoze kidogo, kisha yajisafishe yenyewe. Kweli yakageuka kama maziwa, yakanuka, mawe yakaota utelezi wa kahawia, halafu polepole yakang'aa mpaka unaona kila punje ya mchanga. Maji yakipungua kwa kukauka nilikuwa naongeza maji matamu, si ya chumvi, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Hilo halikunishangaza. Kwetu chumvi tunaipata kwa kuyaacha maji yakauke.

Tulipokwenda kuchukua viumbe ilikuwa asubuhi ya baridi, maji yamekupwa mbali. Yumma tulimwacha ndani ya gari, mlango wazi, blanketi mabegani, na gari limesogezwa mpaka mwisho wa ardhi ngumu. Alikuwa akitupigia kelele kama nahodha.

"Chini ya lile! Lile jeusi! Si hilo, ewe mvivu!"

"Ananiita nini?" dereva akaniuliza.

"Mvivu."

"Mathe, mwambie mimi bahari niliiona mara ya kwanza hapa Doha. Hiyo kitu ina miguu mingi sana. Siishiki."

Nilishika mimi. Unainua jiwe, unachukua unachotaka, unalirudisha lilivyokuwa, uso wake ule ule chini, maana chini ya jiwe ni nyumbani kwa watu. Ndivyo tulivyofunzwa na mama zetu. Nilichukua kaa mmoja wa miambani, kome wa kutambaa, kaa wadogo wale wanaovaa magamba ya kome waliokufa, kisamaki cha madimbwini chenye kichwa kikubwa, na kwenye mchanga wa kidimbwi kimoja nikaona alama ya nyota. Nikafukua kwa vidole. Kiti cha pweza, mikono mitano, rangi ya mchanga wenyewe.

Tulipowatia kiooni, Yumma akasogezwa karibu, akaweka kiganja kwenye kioo. Kioo kilikuwa cha baridi, nacho kilitoa jasho. Akawatazama muda mrefu. Kisha akaanza kuwapa majina.

Kome akapewa jina la jirani yake wa utotoni, kwa sababu alikuwa mzito wa kuamka. Kaa wa magamba akawa kaka yake, aliyehamahama nyumba mpaka akafa. Kisamaki kikawa mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa vile kilivyokodoa macho. Kaa wa miambani alipoingia chini ya jiwe akakataa kutoka, Yumma akasema, "Huyu ni mwanangu, ukimwita kwa jambo la maana hujificha," akamtaja Baba kwa jina lake. Baba alikuwa amesimama pale pale. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Na huyu wa mikono?" nikauliza.

"Huyu binti yangu. Akikumbatia kitu hakiachi."

Binti yake huyo, dada mkubwa wa Baba, alikaa Al Thumama na wanawe. Alikuja Ijumaa mbili kwa mwezi, mwanamke mwenye sauti ya amri na mikono mizuri ya hina. Siku ile hakuwapo, wala hakuna aliyemwambia.

Basi ikawa kazi yangu. Kila asubuhi baada ya sala, kanga kichwani, nainama mbele ya kioo natafuta kila mmoja, kwa sababu macho ya Yumma hayaoni mbali. Yeye kitandani anauliza, "Yupo fulani?" Mimi namtafuta, "Yupo, Yumma, amelala ubavuni mwa jiwe." "Na fulani?" "Yupo, anakula." Asipowasikia wote hagusi uji. Nami nikazoea, nikawa nayataja majina yao hata kabla hajaamka, kwa sauti ya chini, kuwahesabu.

Dereva alinikuta hivyo siku moja.

"Aki Mathe, wewe ni mtu wa Pemba, na kila asubuhi unanong'oneza maji majina ya watu. Siku utanigeuza kuku nitajua tu."

"Kuku gani wewe? Nyama huna."

"Nigeuze jogoo basi, niache kuendesha gari."

Tulicheka. Lakini alipotoka nilibaki na sufuria mkononi, kicheko kimekwisha. Kwa sababu hata kule Ghuba wakisikia Zanzibar wana lao la kusema. Nilikuwa nimesikia habari za mwenzetu mmoja, nyumba nyingine, alikutwa na hirizi aliyopewa na mama yake ya kumlinda safarini, hirizi tu ya kitambaa. Kilichompata kilisimuliwa kwa namna nyingi, na katika kila namna hakurudi kazini. Nikajiambia, ewe mama, taja majina kimoyomoyo. Lakini mazoea yana nguvu.

Agosti ilifika. Anayeijua Agosti ya Doha anajua: bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, kwa sababu matangi yako juu ya dari jua linayachemsha, na watu wanazima hita ndipo wapate maji ya kuogea yasiyounguza. Viyoyozi vyote vya nyumba vilikuwa vinafanya kazi. Ijumaa, Baba yuko msikitini, nakunja nguo za Yumma, nikahisi kitu kimekosekana chumbani. Nikasimama kusikiliza. Mashine haingurumi.

Niliingiza kidole majini. Vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Kaa alikuwa amepanda juu ya jiwe mpaka mgongo uko nje. Kisamaki kinahema juu juu, mdomo wazi. Nilimwita dereva kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu. Akakimbilia swichi za ukutani, moja imejiangusha. Akaiinua, ikaanguka tena. Akaiinua, ikaanguka, na safari hii ikatoa harufu.

"Wacha!" nikamwambia. "Utatuunguza!"

"Leo Ijumaa, fundi hapatikani. Tufanye nini?"

Kwenye friza kubwa la uani kulikuwa na chupa za maji zilizogandishwa kwa ajili ya matembezi. Barafu huwezi kuitupa majini, ikiyeyuka inaharibu chumvi. Lakini chupa ikiwa imefungwa, inaelea. Tukaleta chupa moja, tukangoja, tukaleta nyingine. Zote kwa pamoja nilikataa, maana kiumbe kikipigwa na baridi ghafla kinakufa kama kinavyokufa kwa joto. Dereva anakimbia na chupa, miguu mitupu sakafuni, anaomba Yesu. Mimi nakoroga maji kwa bakuli yapate hewa, naomba wangu. Na Yumma kitandani kwake hakukawia kuamka.

"Mwanangu yupo?"

"Yupo, Yumma."

"Na binti yangu?"

Kiti cha pweza kilikuwa juu ya mchanga, mkono mmoja umejikunja juu. Kwa kawaida hujizika. "Yupo," nikasema.

Fundi alikuja magharibi, akabadilisha swichi, mashine ikaunguruma, Baba akashukuru. Lakini asubuhi yake nilipoinama, wote walikuwa hai isipokuwa yeye wa mikono. Kimelegea, ncha zimeanza kulainika. Nilimwambia Yumma ukweli, kwa sababu angehisi tu. Akalia. Si kwa kiumbe, alilia kwa jina. "Binti yangu, binti yangu." Akanishika mkono, "Usimtupe. Usimtupe kwenye taka, mwanangu."

Sasa mimi ningefanya nini? Kwetu, tukiwa wasichana, kiti cha pweza kilichokufa hakitupwi. Tulivikausha tukawauzia wageni wa hoteli. Unakiosha kwa maji matamu, unakilaza juu ya ubao, unanyoosha mikono yake na kuifunga kwa uzi kwenye vimisumari, kila mkono na fundo lake, kwa sababu usipofunga kikikauka kinajikunja kama jani. Halafu chumvi juu, halafu jua. Mikono yangu ilifanya kazi ile yenyewe, Yumma akitazama kutoka kitandani. Uzi wa juu kabisa kwenye kopo la kushonea ulikuwa mweusi, nikautumia huo. Nikapanda darini, nikauweka ubao nyuma ya matangi ya maji, ndege wasiuone. Sikuwaza kingine. Nilikuwa nafikiria furaha ya Yumma akikishika mkononi.

Niliposhuka na kutengeneza uji, nikamkuta anazungumza kwenye simu iliyo kando ya kitanda. Alikuwa mchangamfu, sauti ya kutoa habari.

"Wewe umekufa usiku. Ndiyo. Yule mama wa Zinjibar amekuosha, akakufunga vizuri kwa uzi, akakulaza kwenye chumvi. Nimekulilia sana."

Trei sikuiangusha, lakini uji ulimwagika kidogo. Upande wa pili wa simu sauti ya kike ikauliza jambo, kisha simu ikakatwa. Yumma akanigeukia. "Binti yangu anakuja," akasema, akafungua mdomo ale.

Kuanzia pale mpaka niliposikia gari likisimama kwa nguvu nje ya lango, sijui nilifanya nini. Nadhani nilifuta meza. Ningeweza kupanda darini nikauondoa ubao, watu wameniuliza hivyo baadaye. Lakini mtu aliyeficha ameficha kwa sababu. Niliuacha.

Binti yake aliingia na viatu. Hakumbusu mama yake.

"Kiko wapi?"

"Mama, ni kiumbe cha baharini tu, kimekufa kwa joto, sisi kwetu—"

"Kiko wapi?"

Nikampeleka. Dari ilikuwa inaunguza nyayo kupitia ndara. Nyuma ya tangi ubao ulikuwa umelala, chumvi imekauka imekuwa ganda, na ndani yake mikono mitano imenyooshwa, na kwenye kila mkono uzi mweusi, na kwenye kila uzi fundo. Wallahi, nilikiona kwa macho yake. Mara ya kwanza nilikiona kwa macho yake, nikaogopa mwenyewe kazi ya mikono yangu. Kila Muislamu anajua habari za uzi na mafundo, uchawi ule unaotajwa katika Kurani. Hakuna mtoto asiyefundishwa.

Dada yake Baba aliinua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma. Tangu Ramadhani vidole vilikuwa vikimfa ganzi, hata kikombe alishika kwa mikono miwili. Madaktari walikuwa hawajaona kitu. Nilikuwa najua, kila mtu alijua.

"Mikono yangu," akasema.

Tukashuka, yeye mbele, mimi nimebeba ubao kwa sababu hakutaka kuugusa. Baba alikuwa ukumbini. Dada yake alisema maneno mengi kwa haraka, mengine sikuyaelewa, lile la sihiri, yaani uchawi, nilielewa. Alitaka polisi waitwe. Baba akasema kwanza tumuulize Yumma, tukaingia chumbani kwake.

Nilipumua. Yumma ndiye aliyetoa majina, Yumma angesema.

"Yumma," Baba akamwinamia, "wewe ndiye uliyempa yule mdudu jina la binti yako?"

Yumma akamtazama, akamtazama na binti yake, akaona uso wake ulivyo. "Mimi? Nimpe mdudu jina la mwanangu? Nina wazimu?"

Ule umeme wa akili yake ulikuwa umeondoka. Nikaketi sakafuni bila kuambiwa. Nilimtazama Baba. Yeye alikuwapo. Alisikia kwa masikio yake, alicheka mpaka akalia. Nilingoja aseme. Alikuwa anakitazama kioo, pale kaa alipojificha, na rangi imemtoka.

Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa:

"Na kaa? Kaa hujamfunga?"

Hapo ndipo nilipojua niko peke yangu.

Niliambiwa nikae chumbani kwangu mpaka baada ya alasiri, atakuja mtu wa kusoma Kurani ya kuondoa uchawi. Chumba changu kilikuwa nyuma, dirisha linatazama banda la gari. Nikaketi kitandani na kanga yangu. Niliwaza wajukuu wangu wakisikia bibi yao amefungwa Uarabuni kwa uchawi. Hawangeuliza kama ni kweli. Pemba hakuna anayeuliza, wanasema tu, "Kumbe alikuwa nao uchawi."

Dereva akagonga kioo kwa kidole.

"Mathe. Mathe, skiza. Lango la nyuma liko wazi. Ingia kwa gari nyuma, ujifunike, nakupeleka ubalozini."

"Na wewe?"

"Mimi nitasema sikuona kitu."

"Hati yangu ya kusafiria iko na Baba. Nikikimbia nimekiri."

"Ukikaa je?"

Nikakunja kanga magotini. Akabaki pale dirishani. Mwishowe akasema, "Ile ya kuku nilikuwa nacheza, Mathe. Sikumwambia mtu, naapa." Nikamwambia najua, baba, nenda zako wasikuone.

Msomaji alikuja. Nilimtarajia mzee wa kutisha, akaja mtu wa kawaida, ana mafua, ana haraka, kitambaa cha pua mkononi. Waliniita ukumbini. Ubao ulikuwa juu ya gazeti. Akauliza nani aliyefunga, nikasema mimi. Akauliza kwa nini. Nikaeleza mambo ya kwetu, misumari, jua, wageni wa hoteli, kwa Kiarabu changu cha jikoni, na kila nilivyoeleza niliona maneno yanazidi kunizamisha. Nani atakayeamini kwamba kuna nchi watu hununua mdudu mkavu?

"Na jina la bibi huyu ulilipata wapi?"

"Kwa mama yake."

"Mama yake amekana."

Dada yake Baba akaanza kusema, naye ghafla Baba akamkatiza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaa ni mimi."

Msomaji akageuka. "Nini?"

"Yule kaa. Yumma alimpa jina langu. Nilikuwapo. Na huyo wa mikono akampa lako, dada. Alisema ukikumbatia kitu hukiachi." Akautazama ubao. "Nilicheka. Nilisahau kukuambia."

"Ulisahau," dada yake akasema.

"Nilisahau. Kisha niliogopa."

Msomaji akapenga kamasi. Nadhani alikuwa akificha kicheko, sitaapa. Akasema uzi ni uzi, nia anaijua Mungu, yeye kazi yake ni kufungua. Akasoma, akapulizia, akalifungua fundo la kwanza, akasoma tena. Fundo la mwisho lilikuwa limekazwa na chumvi, likagoma. Akavuta, likagoma. Nilitaka kusema lilowekeni, litalegea, lakini nani angetaka kusikia shauri langu kuhusu fundo? Mwishowe akaliweka kwenye bakuli la maji, likalegea, likafunguka. Dada yake Baba akafumba na kufumbua vidole. Hakusema kama vimepona, wala hakusema havijapona.

Amri ikawa kila kilichomo kiooni kirudi baharini, na mimi ndiye nirudishe, wao wakiangalia. Tukaenda kesho yake alfajiri kabla ya joto, gari mbili. Yumma tulimwacha na jirani. Kaa nilimweka kwenye ndoo yake peke yake, Baba alitaka hivyo. Nikaingia majini mpaka magotini, ya moto hata saa ile, nikatafuta kivuli cha mwamba. Niliwatoa mmoja mmoja kimya kimya, midomo nimeibana, kwa sababu dada yake Baba alikuwa amesimama mchangani ananitazama mdomo. Nilipomwachia kaa alikimbia upande chini ya jiwe. Baba akatoa pumzi. Nilisikia kutoka kule nilikokuwa. Kiti cha pweza nilikizika mchangani, mikono yake haikukauka ikiwa imenyooka vizuri. Mmoja ulikuwa umejikunja.

Kioo kikauzwa, mashine ikatolewa. Yumma aliuliza siku chache wako wapi, halafu akaacha kuuliza. Alikula kwa mkono wangu, hakutaka wa mwingine, na nadhani hilo ndilo lililonibakiza mle ndani. Baba alinirudishia hati yangu niishike mwenyewe, bila neno, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Sikuuliza kama ni hisani au ni ishara ya kuondoka. Nilikaa mpaka Yumma alipofariki, miaka kadhaa mbele.

Dada yake Baba aliendelea kuja Ijumaa zake. Ijumaa ya kwanza nilipeleka kahawa kama kawaida, nikaweka trei mbele yake, nikageuka kuondoka.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja. Alikitazama kikombe, akanitazama. Kisha akakisukuma kwangu kwa ncha ya kidole.

"Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Kahawa ilikuwa ya moto, iliniunguza ulimi, lakini nilimeza yote akiona koo langu linavyopanda na kushuka. Akanipa kikombe kingine nimmiminie. Hakuwa na ubaya usoni, lazima niseme hivyo. Alikuwa mwanamke aliyeogopa, anashika kikombe kwa mikono yote miwili. Ikawa ndiyo desturi yetu, mimi na yeye, kila Ijumaa aliyokuja: kikombe cha kwanza changu, cha pili chake.